Nyonga iliyofunguka: kulala, vyuma vya nje au vyuma vya ndani?

Daktari akishaitazama picha ya eksirei, familia huulizwa swali ambalo hakuna aliyejiandaa nalo. Mgonjwa wenu ameumia nyonga. Tunaweza kumtibu bila upasuaji, tunaweza kumfunga vyuma vya nje, au tunaweza kumpasua tukamwekea vyuma vya ndani. Mnasemaje?

Mimi ni mfiziotherapia. Wagonjwa hawa hunifikia uamuzi ukiwa umeshapita, siku ya kusimama kwa mara ya kwanza, na nimekaa na ndugu zao wengi kwenye benchi nje ya wodi wakinieleza walivyoamua. Mara nyingi walipima mambo mawili: gharama, na woga wa kisu. Yote mawili yana haki ya kupimwa. Lakini liko la tatu linaloyatangulia, nalo halionekani vizuri kwenye picha: ligamenti zipi zimekatika, na zipi bado zinashika. Ligamenti ni zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, na hali yake ndiyo inayoamua kama njia mliyoichagua itafanya kazi au la.

Ninachoandika hapa ni kwa ajili ya saa hiyo ya kuamua. Saa ya ajali yenyewe ina hesabu nyingine, kwa sababu nyonga ikifunguka damu humwagika ndani bila mtu kuiona, nyingi ikitoka kwenye mifupa iliyovunjika na kwenye mishipa midogo iliyo mbele ya sakramu, mfupa wa nyuma wa nyonga. Hapo majeruhi hafai kugeuzwageuzwa wala kubonyezwa nyonga ili kupima kama inacheza. Shuka au kanga iliyokunjwa ipite kwenye vifundo vya mapaja, yaani pale mfupa unapotokeza ubavuni chini ya kiuno, ikazwe, na magoti na vifundo vya miguu vifungwe pamoja. Wengi hufunga juu mno, kiunoni panapokaa mkanda wa suruali, na hapo hapashiki kitu.

Kinachoishika nyonga

Kitazame kitanda cha kamba. Ukizikata kamba zake, mwenye kulala yuko chini. Fupanyonga nayo ni pete ya vipande vitatu: mfupa wa nyonga wa kulia, wa kushoto, na nyuma katikati sakramu, ule mfupa wa pembetatu ulio juu ya kifandugu. Mbele, mifupa miwili hukutana kwenye kinena, na kati yake kuna kisahani cha gegedu. Nyuma, kila mmoja hukutana na sakramu. Vipande hivi havikuingiana kiasi cha kujishikilia vyenyewe. Ligamenti zote zikikatika, pete husambaratika hata kama hakuna mfupa uliovunjika.

Kila kundi la ligamenti lina kazi yake. Za kinena huzifunga pande mbili za mbele. Zilizo upande wa mbele wa viungo vya nyuma ni nyembamba kiasi. Chini kuna jozi mbili nene zinazotoka kwenye sakramu kwenda kwenye mifupa tunayoikalia. Hizi huzuia nyonga isijikunjue kwenda nje, na huzuia ncha ya chini ya sakramu isiinuke pale uzito wa mwili unapobonyeza ncha ya juu. Kisha ziko za nyuma kabisa, zilizojazana kati ya sakramu na mfupa wa nyonga, ambazo ni miongoni mwa ligamenti zenye nguvu kuliko zote mwilini. Sakramu hulala juu ya hizo kama mtu alalavyo juu ya kamba za kitanda. Uzito wa kichwa, mikono na kifua chote hupita hapo kabla ya kushuka miguuni.

Majaribio ya kuzikata ligamenti hizi moja baada ya nyingine kwenye maiti ndiyo yaliyowapa madaktari kipimo wanachokitumia hadi leo. Zikikatwa za kinena peke yake, pengo la mbele kwa kawaida halizidi sentimita 2.5. Zikikatwa pia jozi za chini na zile nyembamba za mbele ya kiungo cha nyuma, nyonga hufunguka kama kitabu, pengo likapita hapo, ila mgongo wa kitabu bado umeshonwa. Zikikatwa na za nyuma, kurasa zinachomoka: nusu ya nyonga inaweza kwenda nje, nyuma na juu.

Madaktari wa uzazi walilijua jambo hili mikononi mwao. Katika hospitali nyingi za Afrika palikuwa na upasuaji wa kukata kiungo cha kinena ili mtoto aliyekwama apite, na uliokoa akina mama mahali ambapo upasuaji mkubwa haukuwezekana. Wasaidizi wawili walishika miguu ya mama isitanuke kupita kiasi, pengo liishie kama upana wa dole gumba. Walikuwa wakizilinda ligamenti za nyuma.

Ajali ilipiga kutoka wapi?

Jibu la swali hili hukupa nusu ya habari. Dereva wa bodaboda akigonga kitu kwa mbele, mwili wake huteleza kwenye kiti na kinena hulipanda tangi la mafuta; tangi huingia kati ya mapaja kama kabari. Pete hufunguka kuanzia mbele, na ligamenti hukatika kwa mpangilio ule ule wa maabara, zikiishia pale nguvu ilipoishia.

Anayegongwa ubavuni, mtembea kwa miguu au abiria aliyekaa upande ulioingiwa na gari, pete yake hubanwa. Mifupa ya mbele huvunjika na sakramu hubonyea, lakini ligamenti nyingi husalimika kwa sababu zimefupishwa badala ya kuvutwa. Ndiyo maana mgonjwa mwenye picha iliyojaa nyufa anaweza kuwa imara kuliko mwenzake ambaye hana ufa hata mmoja.

Aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au jengo akatua kwa mguu mmoja ndiye ninayemhofia zaidi. Nguvu hupanda wima, nusu ya nyonga husukumwa juu, na za mbele na nyuma hukatika pamoja.

Kuna mtego mmoja hapa. Picha iliyopigwa mkanda wa nyonga, yaani ile shuka au kifungio cha hospitali, ukiwa umekazwa vizuri inaweza kuonyesha nyonga iliyofungana, nzuri kabisa, ilhali kinachoishika ni mkanda. Ulizeni picha ilipigwa mkanda ukiwepo au haupo. Ulizeni pia kuhusu vipande vidogo vya mfupa. Kipande kilichong'oka kwenye bawa la pingili ya mwisho ya kiuno, kidogo kama punje ya mhindi, kinaweza kuonekana si kitu karibu na mifupa mikubwa, kumbe ligamenti iliyoshikilia hapo ndiyo imekibandua, na hiyo ni dalili kwamba nusu ya nyonga inaweza kupanda. Kipimo cha CT huyaonyesha haya vizuri zaidi. Penye shaka, daktari huijaribu nyonga mgonjwa akiwa kwenye usingizi wa dawa.

Vigezo vya ulinganisho

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo yale yale: inashika nini, siku za kupona zikoje, hatari zake, gharama na upatikanaji, na inamfaa nani. Moja tu ni la pamoja. Mfupa uliovunjika huungana kwa mfupa, lakini ligamenti huungana kwa kovu, na kovu halifikii uimara wa ile ya mwanzo. Huchukua wiki 8 hadi 12 kuanza kuaminika. Kwa hiyo hakuna njia kati ya hizi inayotibu ligamenti yenyewe. Zote hutunza vipande mahali pake huku kovu likijijenga, na kovu likijijengea nyonga iliyokaa vibaya, itabaki vibaya.

1. Bila upasuaji

*Inashika nini.* Haiongezi kitu. Inategemea ligamenti zilizobaki. Kama za nyuma ni nzima, zinatosha. Kama zimekatika, kitanda hakiwezi kushika mahali pake. Kuvutwa mguu kwa uzito kunaweza kuizuia nusu ya nyonga isipande zaidi, lakini hakuifungi mbele wala hakuishoni nyuma.

*Siku za kupona.* Hapa kuna kutoelewana kukubwa. Kutopasuliwa hakuna maana ya kulala. Mgonjwa ambaye nyonga yake ni imara anapaswa kuinuka ndani ya siku chache, kwa magongo au kitembezi, kadiri maumivu yanavyoruhusu. Anayelazwa wiki nyingi ni yule mwenye nyonga isiyo imara ambaye hakupata upasuaji, na hiyo ni safari nyingine kabisa: wiki 8 hadi 12 chali, mguu ukivutwa, na mtu wa kumhudumia usiku na mchana.

*Hatari.* Kwa aliye imara ni ndogo. Kwa anayelala muda mrefu ni damu kuganda miguuni na kupanda kwenye mapafu, vidonda vya mgandamizo, nimonia, na misuli kuisha. Wa nyonga iliyopanda hubaki na mguu mfupi na kukaa upande. Tena kuna hatari inayotoka nyumbani: kumwita mkandaji. Kukanda nyonga yenye ligamenti zilizokatika hakurudishi kitu. Huvunja kovu changa na huweza kuamsha damu. Nimewasihi wazee wetu kwa heshima zote wasiruhusu jambo hili kabla daktari hajasema nyonga imetulia.

*Gharama na upatikanaji.* Inapatikana kila mahali, na kwa aliye imara ndiyo nafuu. Kwa anayevutwa mguu miezi miwili, pigeni hesabu ya kitanda, chakula, nauli na kazi ya anayemuuguza; si mara zote inabaki nafuu.

*Inamfaa nani.* Pengo la mbele lisilozidi sentimita 2.5 na nyuma pazima. Walio wengi waliobanwa ubavuni. Wazee walioanguka nyumbani, ambao kulala ndiko kunakowadhuru zaidi.

2. Vyuma vya nje

*Inashika nini.* Daktari hupitisha vyuma vyembamba kwenye ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, au chini kidogo karibu na kiungo cha paja, kisha huviunganisha kwa fremu mbele ya tumbo. Hufunga kitabu kwa kushika majalada. Mgongo wa kitabu ukiwa umeshonwa, hili linatosha, maana ukifunga mbele, nyuma hujifunga. Ukiwa umekatika, fremu ya mbele haiufikii. Hata kuibana mbele kwa nguvu kunaweza kufungua nyuma.

*Siku za kupona.* Nikueleze kwa ukaribu, kwa sababu familia huambiwa "ni rahisi" kisha zikashangaa. Fremu hukaa wiki 6 hadi 12. Suruali haiingii, mgonjwa huvaa kanga, msuli au kanzu pana. Akikaa wima fremu hulikaribia tumbo, na mwenye kitambi huumia. Kulala ubavu ni shida. Kila tundu la chuma linahitaji kusafishwa kama mlivyoelekezwa wodini, kwa mikono safi, na mtu huyohuyo akiangalia kila siku kama ngozi imekuwa nyekundu, ina maji au usaha. Dada mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe aliandika alama ukutani kila aliposafisha, mistari minne kulia na minne kushoto, kwa vyuma vyote vinane. Hakuna tundu lililosahaulika.

*Hatari.* Maambukizi kwenye matundu ndiyo ya kawaida, na mengi hutulia kwa usafi na dawa yakiwahiwa. Vyuma huweza kulegea. Ganzi upande wa nje wa paja hutokea mshipa wa fahamu ukiguswa.

*Gharama na upatikanaji.* Huwekwa haraka, hakuhitaji kufungua tumbo, na hospitali nyingi zenye daktari wa mifupa huweza. Kutoa ni kazi ya muda mfupi. Mara nyingi hii ndiyo hatua ya kwanza kwa mgonjwa anayevuja damu, kabla hajawa na nguvu ya kufanyiwa jambo kubwa.

*Inamfaa nani.* Kitabu kilichofunguka huku nyuma pakishika. Aliye na kidonda kilicho wazi, au aliyepasuka kibofu au utumbo, ambaye kumwekea bamba la chuma ndani, karibu na uchafu, ni kukaribisha usaha. Pia aliye mahututi, kama daraja la kumvusha hadi upasuaji mwingine.

3. Vyuma vya ndani

*Inashika nini.* Mbele, bamba la chuma hufungwa kwa skrubu juu ya kiungo cha kinena kupitia mkato wa mlalo chini ya tumbo, unaofanana na wa upasuaji wa uzazi. Nyuma, skrubu ndefu hupitishwa kutoka mfupa wa nyonga hadi ndani ya sakramu kupitia tundu dogo la ngozi, daktari akiongozwa na mashine ya eksirei iliyo hapo hapo chumbani. Kati ya njia hizi tatu, ni hii pekee inayofika nyuma. Na panapohitajika nyuma zaidi ni pale kiungo kilipotoka kwa ligamenti pekee bila mfupa kuvunjika, kwa sababu hapo hakuna mfupa wa kuungana. Ni kovu peke yake, nalo kiungo kikichezacheza halipati nafasi.

*Siku za kupona.* Mgonjwa hukaa, hugeuka na huoga mapema zaidi, na kwa mimi ninayemfanyisha mazoezi hii ni tofauti kubwa. Lakini chuma si ruhusa ya kukanyaga. Upande ulioumia nyuma huwa haubebi uzito kamili kwa wiki 6 hadi 12.

*Hatari.* Maambukizi ya ndani, kutoka damu, na kuguswa kwa kibofu kilicho nyuma tu ya kinena. Skrubu ya nyuma hupita jirani na mizizi ya mishipa ya fahamu inayoinua kanyagio la mguu. Ikiguswa, mguu huburuta. Baadaye, picha inaweza kuonyesha bamba limelegea au limekatika. Msishtuke mara moja. Kiungo cha kinena kwa asili yake husogea kidogo, na mwendo ukirudi chuma huchoka. Wengi hawana dalili yoyote na hawahitaji kutolewa.

*Gharama na upatikanaji.* Hapa ndipo penye mlima. Panahitajika daktari aliyejifunza upasuaji wa nyonga, mashine ya picha, damu ya akiba na vyuma vyenyewe, na hayo hupatikana zaidi hospitali kubwa za rufaa na za mifupa, kama MOI, taasisi ya mifupa iliyo Muhimbili, Dar es Salaam. Ulizeni bima inalipia vyuma au upasuaji peke yake. Na muda una thamani yake: ikipita wiki tatu, kovu limeshajaza nafasi, na kurudisha nyonga mahali pake kunakuwa upasuaji mgumu zaidi.

*Inamfaa nani.* Ambaye ligamenti za nyuma zimekatika. Pia mwenye pengo la mbele kubwa, mwili safi na nguvu ya kuhimili upasuaji, hasa anayetakiwa kurudi kwenye kazi ya kubeba au kuendesha.

Hali yenu ni ipi?

Dereva wa bodaboda, pengo la mbele linazidi sentimita 2.5, nyuma panashika, hana kidonda: vyuma vya nje na bamba la ndani vyote vina hoja. Kama nyumbani kuna mtu wa kusafisha matundu na kliniki iko karibu, vya nje vinatosha kwa wengi. Kama atarudi kijijini mbali na zahanati, au ni mtu mnene, bamba litamtunza vizuri zaidi. Kwanza aangaliwe mkojo: tone la damu kwenye tundu la uume ni sababu ya kuupima mrija kabla ya kumpitisha mpira wa mkojo.

Mama aliyejifungua ana maumivu makali ya kinena na hawezi kugeuka kitandani: kiungo cha kinena kinaweza kuwa kimeachana. Wengi hupona kwa mkanda wa nyonga, kulala ubavu mto ukiwa kati ya magoti, na kutembea kwa kitembezi. Upasuaji huachwa kwa pengo kubwa au lisilofungika.

Binti anayetaka kuzaa siku za baadaye na amependekezewa bamba: mwambieni daktari mapema. Bamba halimfungii mlango wa uzazi, na wapo wanaojifungua kwa njia ya kawaida baadaye; namna ya kujifungua itazungumzwa wakati wa ujauzito, picha zikiwa mkononi.

Mzee aliyebanwa ubavuni kwa kuanguka bafuni: muinueni. Dawa ya maumivu ya kutosha, kitembezi, na mtu wa kumshika mkono.

Na kwa wote hawa, kwa miezi mitatu ya mwanzo, wasisimame kwa mguu mmoja. Kusimama hivyo huzisugua pande mbili za kinena, moja juu moja chini, yaani kuivuta ligamenti ile ile inayojaribu kushikana. Suruali na viatu vivaliwe mtu akiwa amekaa.

Aliyeanguka kutoka juu, mguu mmoja umeonekana mfupi, na hospitali mliyopo haina upasuaji wa nyonga: msikubali kusubiri mwezi mmoja "kuona itakavyokuwa". Mguu uvutwe kwa uzito hapo hapo, sindano za kuzuia damu kuganda zijadiliwe, na barua ya rufaa iandikwe wiki hii hii. Safarini mkanda ukae kwenye vifundo vya mapaja, ngozi iliyo chini yake iangaliwe kila mnapopata nafasi ya kusimama, na picha zote, iliyopigwa na mkanda na iliyopigwa bila mkanda, ziende naye.